Droni Iliyokaguliwa Mpaka Harusini

Josephu Haule ni mtu ambaye ukimwambia "nisubiri hapa, nakuja," halafu ukasahau, utamkuta hapohapo jioni, amebadilisha mguu tu. Miaka yote aliyokuwa karani wa mizani bandarini Mtwara hakuna lori lililomdanganya, na hakuna dereva aliyempenda. Alipostaafu walimmwagia sifa, wakampa saa ya ukutani, na alipokwisha ondoka madereva wakachinja mbuzi kwa furaha. Hayo ya mbuzi hakuambiwa. Angeambiwa, angeuliza kama bwana mifugo alimpima.

Akahamia Ziwani na mkewe Modesta, kwenye nyumba waliyoijenga kando ya barabara. Wote wawili ni Wangoni wa Songea, ila wamekaa Mtwara muda mrefu kiasi kwamba wakisema "kwetu" inabidi uulize ni kupi. Shamba lao la mikorosho liko ng'ambo ya bonde, na kusema kweli si lao, ni la Modesta. Mume alipokuwa akipima malori, mke alikuwa akichimba mashimo ya miche, akimwagilia kwa ndoo ya kichwani, akigombana na mbuzi wa watu. Halafu kiharusi kikampiga upande wa kulia. Akabaki na mkono mmoja na ulimi mzima, na huo ulimi majirani watakwambia ulikuwa unatosha. Kilichomshinda ni lile bonde. Pikipiki inazama kwenye tope, baiskeli haibebi mgonjwa, na kubebwa mgongoni alikataa kabisa, akasema yeye si gunia.

Binti yao anayefanya kazi Dodoma aliliona hilo alipokuja likizo, na safari iliyofuata akaleta droni. Ilikuwa ndogo, ya kijivu, kitu cha kuchezea watu wazima, yenye kamera tumboni na mapanga manne ya kuzunguka. Unaiongoza kwa rimoti, na kinachoonekana kule juu unakiona kwenye simu huku chini. Mwingine angeirusha siku ileile. Josephu alikisoma kwanza kijitabu chake, akapigia mistari kwa penseli, akakirudia. Kijitabu kilishauri mwenye chombo akiandike jina, basi akaandika tumboni mwa droni, kwa kalamu isiyofutika na herufi kubwa za bandarini: HAULE J., ZIWANI. Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kumwarifu. Akapita kwa majirani wa kulia na wa kushoto, wasije wakaoga uani bila habari. Droni ikikaribia ua wa mtu aliigeuza kamera itazame juu, na ndiyo maana familia ile ina picha nyingi sana za mawingu.

Kila Jumapili baada ya misa alimwekea Modesta kiti barazani na simu mbele yake, na droni ikavuka bonde.

"Kushoto," Modesta anaamuru. "Shuka. Huyo wa tatu ana nini, mbona amenyauka pembeni? Shuka, baba, usinionyeshe anga. Sikuolewa na anga."

Daktari alimshauri apumzike, asijisumbue na mawazo ya shamba. Daktari hakulilima lile shamba. Modesta aliikagua mikorosho yake mmoja mmoja, akaigombeza kwa simu, na Jumapili jioni ulimi wake ulikuwa mwepesi na chakula kilipita. Josephu alikuwa na furaha ambayo hata bandarini hakuwahi kuipata, na mimi nisingemsema kitu kama mambo yangebaki hivyo.

Lakini alikuwapo pia Shafii wa Mikindani. Huyu alikuwa mpiga video za harusi, akijiita Shafii wa Angani, na droni yake hakuisomea chochote. Aliwafukuza nayo viboko kwenye mdomo wa Ruvuma mpaka mmoja akapanda nchi kavu na kumaliza muhogo wa watu. Akaipitisha juu ya kivuko cha Kilambo, na wasafiri waliokuwa wakisubiri kwenda ng'ambo Msumbiji wakadhani ni wanajeshi, wakatawanyika na mizigo yao kichwani. Siku ya kuwatoa wali unyagoni kijiji fulani aliishusha hadi usawa wa makuti, ndani ya ua ambao hata baba wa mwali hatii mguu, na makungwi wakamlaani kwa majina ya babu zake wote. Laana ilifanya kazi. Wiki hiyohiyo, kwenye harusi, droni ya Shafii ilizimika angani ikaanguka ndani ya sufuria la pilau. Wageni walikula, maana pilau ni pilau, lakini droni haikupona.

Kanuni mpya zilitungwa kwa ajili ya watu kama Shafii. Gari la matangazo lilipita likisema kila mwenye chombo cha kuruka chenye kamera akipeleke kikaguliwe na kuandikishwa, aombe kibali, na kabla ya kukipata asirushe chochote, hasa huku kwetu karibu na mpaka. Mimi sina ugomvi na kanuni hizo. Mtu anayefukuza viboko kwa ndege ya plastiki anahitaji kanuni, na bakora juu yake. Tatizo ni kwamba tangazo lilipopita, Shafii aliongeza sauti ya muziki. Josephu alizima redio ili asikie vizuri.

Kesho yake asubuhi alioga, akavaa koti lake la bandarini, akaiweka droni kwenye boksi lake na kulifunga kwenye baiskeli. Jembe na panga akavifunga pembeni. Ulikuwa wakati wa kusafisha chini ya mikorosho kabla ya kupuliza salfa, dawa ya ukungu, naye alipanga apite ofisini dakika chache, kisha arudi kulima. Modesta alitaka waite vibarua. Josephu akamwambia vibarua wa nini, shamba hilo atalimaliza mwenyewe.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Jina lake ni refu kuliko baraza lake, na wenyewe wanajijua. Mkubwa wake alikuwa Bwana Abdallah, Myao wa Mikindani, mtu mnene mwenye kicheko cha kukaribisha wageni. Alimpokea Josephu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeleta droni yangu ikaguliwe, kama tangazo linavyosema."

Abdallah akalifungua boksi. Tangu tangazo litoke hakuna mtu aliyeleta kitu. Akawaita wenzake waje waone. "Mzee, wewe ni raia wa mfano," akasema, na akaagiza picha ipigwe. "Jina lako kamili?"

"Josephu Haule."

"Haule? Mngoni?"

"Mngoni wa Songea."

Abdallah akapiga meza. "Kumbe mtani wangu. Basi umefika nyumbani."

Wayao na Wangoni walipigana zamani, na deni la vita hivyo wanalipana kwa maneno mpaka leo. Mtani anaruhusiwa kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukuzuilia hata mazishi mpaka umkomboe kwa kitu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeaibika wewe na ukoo wako. Josephu aliujua utani huo tangu utotoni, ila aliamini una mahali pake, na ofisi ya serikali si mahali pake. Akatabasamu kwa adabu tu.

"Iache hapa, mtani," Abdallah akasema. "Wiki ijayo njoo uchukue na kibali chako."

Wiki hiyo ilipofika kibali kilikuwa kinasubiri sahihi. Iliyofuata, mwenye sahihi alikuwa safarini. Aliporudi alikuwa na mafua. Kisha mhuri ukawa umepelekwa kuchongwa upya, na ulipokuja, ikagundulika kwamba maombi yaliandikwa kabla ya mhuri mpya, kwa hiyo yaandikwe tena. Josephu akayaandika tena. Alipigwa kalenda kwa heshima zote, na kila akipigwa alisema asante.

Kwenye ubao wa matangazo wakabandika picha. Droni yake ilikuwa mezani, maofisa wamejipanga nyuma yake na nyuso za kazi, na chini imeandikwa: MAFANIKIO YA ZOEZI, VYOMBO VILIVYOKAMATWA. Josephu akaisoma mara mbili.

"Hiyo ni yangu," akamwambia mhudumu. "Na haikukamatwa. Niliileta."

"Ndiyo hivyohivyo, mzee," mhudumu akajibu, akaendelea kufagia.

Sasa sikilizeni alichofanya mtu huyu mwaminifu. Kila asubuhi alifunga jembe kwenye baiskeli, akamuaga Modesta kwamba anakwenda shamba, na kwa kweli alikusudia kwenda. Ila alipita kwanza ofisini, dakika chache. Pale aliambiwa, "Subiri kidogo, mzee." Akakaa kwenye benchi. Aliogopa kuondoka, kwa kuwa jina lake lingeweza kuitwa akiwa hayupo, na mtu asiyekuwapo anarudishwa nyuma ya foleni, ingawa foleni yenyewe ilikuwa yeye peke yake. Jua likapanda, likashuka. Jembe liliegemea ukuta wa ofisi kwa muda mrefu kiasi kwamba mhudumu alizoea kulitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Jioni Modesta anauliza, "Shamba vipi?"

"Safi," Josephu anajibu. "Nimefika mpaka mikorosho ya juu."

Mwanzoni alisema hivyo kwa sababu alidhani kesho atakwenda na kuufanya uongo uwe kweli. Baadaye alisema kwa sababu alishasema. Mtu aliyekataa kuzidishiwa kilo moja kwenye mizani sasa alisimamisha baiskeli kwenye mtaro kabla ya kufika nyumbani, akapaka jembe matope. Majirani wenye mashamba kule ng'ambo waliyaona majani yakipanda, wakauchuna. Kumwambia mtu mzima kwamba kwake kumeota msitu ni kutafuta maneno.

Modesta hakutaka makubwa. Alitaka kuiona mikorosho yake msimu huu, maana wa mwakani hana hakika nao, na hilo hakumficha mtu. Kila Jumapili aliketi barazani akitazama upande wa bonde, asione kitu.

"Kibali?"

"Kinakuja."

"Kinakuja kwa miguu?"

Maua ya mikorosho yakatoka, yakapita, na hakuyaona.

Kisha mwenzake wa bandarini akaozesha binti, na Josephu akaalikwa. Bibi harusi alipokuwa akishuka garini, kitu kikavuma juu. Watu wakainua vichwa, na Josephu naye akainua. Droni ya kijivu ilikuwa inashukia shela la bibi harusi, na tumboni mwake, kwa herufi kubwa za bandarini, kulikuwa na jina lake na kijiji chake. Nyuma ya gari alisimama Shafii na rimoti, miwani ya jua usoni, akitafuna kitu.

"Hongera, Mzee Haule," mgeni mmoja akampa mkono. "Kumbe umefungua biashara."

Hongera hizo hazikudumu. Watu wakaanza kufika Ziwani kumtafuta HAULE J. Mmoja alisema droni imemchungulia mkewe bafuni. Mwingine alisema imewatia wazimu kuku wake, hawatagi. Mtu pekee Mtwara nzima aliyeandika jina lake kwenye chombo chake ndiye aliyegeuka mhuni wa angani, na alilazimika kuwaomba radhi watu kwa mambo ambayo hakuyafanya. Aliwaomba. Wengine aliwapa na nauli ya kurudia.

Akaenda kwa Abdallah, na safari hii hakukaa kwenye benchi. Alisimama.

"Bwana Abdallah, nimeiona droni yangu harusini."

"Naam. Iko kwenye majaribio."

"Majaribio ya harusi?"

"Mtani, nitaikagua vipi imelala kabatini? Chombo cha kuruka kinakaguliwa kikiruka. Harusini kuna upepo, kuna watu, kuna moshi wa jiko. Hayo ndiyo mazingira magumu."

"Na anayeirusha?"

"Mkaguzi wa muda."

Mkaguzi huyo wa muda, yaani Shafii, alikuwa mtoto wa dada yake Abdallah, na hilo lilijulikana mpaka kwa wauza samaki. Josephu alifungua mdomo. Abdallah akamuwahi, akageukia wenzake ili nao wafaidi: "Shida ya nyie Wangoni mmezoea kuteka. Kibali hakitekwi, mtani. Kinasubiriwa." Ofisi nzima ikacheka. Alikuwa akiutumia utani wa watu kama ufunguo wa kabati, akimfungia mzee wa watu nje, na ukimlaumu atasema ni mzaha tu. Josephu aliumia sana. Akarudi kwenye benchi, akaketi, akaangalia viatu vyake.

Msimu wa kuokota korosho ukaanza. Siku moja akakuta ofisi imefungwa, na kwenye mlango pana karatasi: Bwana Abdallah amefiwa na shangazi yake, Bibi Riziki, mazishi leo Mikindani. Josephu akapanda baiskeli akaenda msibani na jembe lake. Alikwenda kwa sababu msiba ni msiba. Pia, nisimfiche, alikwenda kwa sababu aliona ni mahali ambapo Abdallah hawezi kusema yuko kwenye kikao.

Watani walikuwa wamemtangulia. Jesca Komba, Mngoni mwenzake, muuguzi mstaafu na fundi wa mambo hayo, alikuwa amejifunga kanga ya marehemu na kukaa mlangoni, akiwagombeza waombolezaji kwa sauti ya Bibi Riziki hasa. "Wewe uliniazima sinia ukalirudisha limepinda, leo unalia nini?" Watu wakalia na kucheka kwa pamoja, na watoto wa marehemu ndio waliocheka zaidi. Jesca akamwona Josephu amekaa pembeni kwenye jamvi, koti limefungwa vifungo vyote.

"Haule," akamwita. "Wewe ni Mngoni gani? Umekuja msiba wa Wayao unakaa kama mjumbe wa bodi."

"Mimi na Bwana Abdallah tuna mambo ya ofisi," Josephu akasema kwa sauti ya chini.

"Ofisi imefungwa. Wewe mwenyewe umesoma karatasi. Leo hapa hakuna mkubwa wa ofisi, yupo Myao aliyefiwa."

Maneno yale yalimwingia Josephu, na alikaa nayo wakati wote maiti akioshwa na kuswaliwa.

Jeneza likatoka, limebebwa na wanaume mabegani, likaingia kwenye kichochoro kati ya nyumba zile kuukuu za mawe, na Abdallah akiwa mbele. Hapo ndipo ile droni ilipokuja. Jamaa wa marehemu walioko Oman walitaka kuyaona mazishi kwa simu, na Shafii alikuwa juu ya paa la jirani akiwapatia mazishi. Akaishusha. Upepo wa mapanga yake ukatimua vumbi la kichochoro kizima, ukainua pindo la kitambaa cha jeneza, ukaipeperusha kofia ya sheikh. Sheikh akatazama juu akifikicha macho, na yaliyokuwa mbele ya macho yake ni maandishi.

"Haule J.," akasoma. "Huyu Haule ndiye nani, asiye na haya na maiti?"

Vichwa vyote vikamgeukia Josephu. Na Abdallah, badala ya kusema neno, akazuia kicheko kwa mkono.

Josephu akaegemeza jembe ukutani. Akatembea mpaka mbele ya jeneza, akapiga magoti, kisha akalala chali kukata njia, na koti lake la bandarini, ambalo halikuwahi kuguswa na vumbi, likalala naye.

"Marehemu hapiti," akasema, kwa sauti aliyokuwa akiwaambia madereva wa malori. "Wayao mmeteka droni yangu. Mimi ni Mngoni, na shangazi yenu simwachii njia mpaka nikombolewe."

Jesca akapiga kigelegele, akaja akaketi upande wa kichwa chake. Wangoni wengine wawili watatu wakatoka kwenye umati wakajipanga chini. Kichochoro kizima kikaangua kicheko, na waliobeba jeneza wakabadilishana mabega wakisubiri. Hakuna aliyewaondoa. Mtani akizuia maiti haondolewi kwa nguvu, anakombolewa.

"Mtani," Abdallah akasema akijilazimisha kucheka, "hili tulimalize ofisini. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu?" Jesca akauliza. "Na shangazi yako akae hapa mpaka Jumatatu, akaguliwe?"

Hapo hata sheikh aligeuza uso ukutani, mabega yanatikisika. Alipojirudi akasema, "Abdallah, mkomboe mtani wako. Maiti hacheleweshwi."

Abdallah alitoka jasho. Ofisini angeita askari. Hapa, mbele ya wajomba zake, sheikh na nusu ya Mikindani, hakuwa na hata pa kukasirikia. Akamnyooshea Shafii kidole, na Shafii, bila miwani safari hii, akaishusha droni polepole mpaka chini. Abdallah akaiokota, akainama, akamkabidhi Josephu kwa mikono miwili akiwa bado amelala. Josephu akaigeuza akalitazama tumbo lake, akainuka, akajipangusa. "Pita, shangazi," akasema. Kisha akaingiza bega lake chini ya jeneza pamoja na wengine, akalibeba mpaka makaburini.

Waliporudi, Abdallah akamsogelea. "Umeipata, mtani, hongera. Ila kibali huna. Ukiirusha, mimi mwenyewe nitakuja kukukamata."

Mambo yangeishia hapo, ningesema mtu wetu ameshinda. Lakini Josephu akiwa kwenye baiskeli, boksi nyuma, akipiga filimbi, alifika kwenye ule mtaro wake wa matope, na filimbi ikakatika. Aligundua amelala vumbini mbele ya watu wote kupigania jicho ambalo Jumapili litavuka bonde na kumwonyesha mkewe kila kitu. Ijumaa na Jumamosi alikwenda shambani kweli. Majani yalimfika kifuani. Alisafisha chini ya mkorosho mmoja, akasafisha chini ya wa pili, kiuno kikamkatalia.

Jumapili Modesta aliketi barazani tangu kabla ya misa. Amevaa kitenge kipya. Habari za Mikindani zilishamfikia, naye alikuwa amecheka mpaka akaomba maji.

"Haya," akasema. "Niletee mikorosho yangu."

Josephu akaiweka droni mezani, akakohoa. "Modesta, haina kibali."

"Nini?"

"Kibali hakijatoka. Kanuni inasema mpaka kitoke. Mimi si mtu wa kuvunja kanuni, unanijua." Alisema hayo huku akitazama miguu ya meza. Zile kanuni zilizomtesa miezi yote sasa alizikumbatia, na nina hakika asubuhi ile hakuna mtu Mtwara aliyezipenda kuliko yeye.

Modesta alimwangalia. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Nipe hiyo rimoti."

"Modesta, ni kosa la jinai."

"Waje wanikamate. Nitawaambia wanibebe mpaka shambani kwanza."

Alikuwa amevitazama vidole vya mumewe Jumapili nyingi, na hakuhitaji kufundishwa. Akaiweka rimoti mapajani, mkono mmoja ukihama kutoka kijiti hiki kwenda kile. Droni ikainuka ikiyumba, ikapita juu ya paa, ikavuka bonde. Josephu alisimama nyuma ya kiti. Angeweza kumwambia ukweli wakati ule, kabla haijafika. Ilikuwapo nafasi ya kutosha, na aliitumia kusema upepo ni mkali.

Simu ikaonyesha kijani. Mwanzoni Modesta alidhani amekosea shamba, akarudi nyuma, akaitafuta njia, akaja tena. Lilikuwa lenyewe. Majani yalikuwa yamepanda mpaka kwenye matawi ya chini. Vikonyo vya maua, vilivyokosa salfa, vilikuwa vimekauka vyeusi kwenye ncha, na mbuzi wa watu walikuwa ndani, wanakula kwa raha zao. Katikati ya msitu ule palikuwa na miduara miwili misafi, chini ya mikorosho miwili. Modesta aliipita yote mmoja mmoja, kama alivyozoea, ila safari hii hakuigombeza.

"Hiyo miwili umeisafisha lini?" akauliza.

"Juzi. Na jana."

"Na siku nyingine zote ulizotoka hapa asubuhi?"

"Nilikuwa ofisini. Nilikuwa nafuatilia kibali, ili uweze kuona."

Modesta alitikisa kichwa taratibu. Hakupandisha sauti, na Josephu angetoa chochote aipandishe.

"Huko ofisini, Josephu, ulikuwa unapalilia nini?"

Betri ikaanza kulia kwamba inakaribia kuisha, na Josephu akainama kumwonyesha kijiti cha kuirudisha nyumbani. Modesta akausukuma mkono wake. Akaipeleka droni mpaka mkorosho wa mwisho, ule wa kwanza kuupanda, akaishusha, ikashuka, ikashuka, majani yakajaa kwenye simu yote, kisha simu ikawa nyeusi. Akaiweka rimoti mezani.

"Kaifuate," akasema.

Josephu akavua viatu vyake vya misa, akakunja suruali, akaingia kwenye tope la bonde.